Salamu za Mtu wa Dirishani

Haya, sogeeni. Wiki nzima mmeulizana ni nani aliyesimama, na wengine mmenuniana na dada zenu kwa ajili hiyo. Tusipotezeane muda.

Mkuu wa chuo alikuwa mbele ya bwalo lililojaa, vijiko vimenyamaza, akauliza: "Wa Dirishani ni nani? Asimame tumwone."

Mtu akasimama.

Hakuwa Spika.

Na Wa Dirishani ni Spika.

Kama wewe ndiyo kwanza unatushika njiani, chukua haya upesi. Spika ni binti wa mwaka wa pili anayesoma matangazo ya chuo wakati wa chakula cha mchana. Anakaa kwenye chumba kidogo kilichobanwa kando ya jiko, yeye na kipaza sauti na feni mbovu. Sauti yake inajulikana hadi na paka wa jikoni. Sura yake haijulikani na mtu. Akipita uwanjani hakuna anayegeuka.

Matangazo yakiisha, zinakuja salamu. Unaandika kikaratasi, unakitia kwenye kisanduku pale mlangoni mwa bwalo, Spika anakisoma. Fulani anamsalimu fulani. Kuna watu husalimiwa mpaka wanachoka. Na kuna watu wamemaliza muhula hawajasikia jina lao likitajwa hata kwa bahati mbaya.

Hao Spika aliwaona. Chumba chake kina kidirisha chenye pazia kinachotazama bwaloni, na yeye huchungulia. Akaanza kuwatungia salamu.

"Kwa kaka wa shati la bluu, unayekula umeinamia simu iliyozimika: shati limekukaa vizuri. Ni mimi, Wa Dirishani."

"Kwa mzee wetu mpishi, unayewasha moto sisi bado tuko kwenye shuka: tunakula tunasahau. Leo nimekumbuka. Ni mimi, Wa Dirishani."

Chuo kikachanganyikiwa. Wa Dirishani ni nani? Dirisha lipi? Mabweni yote yana madirisha. Watu wakaanza kuvaa vizuri, isije ikawa leo ni zamu yao.

Kisha siku moja, kisandukuni, kikaja kikaratasi cha kweli. "Kwa Wa Dirishani. Na wewe, nani anakusalimia? Ni mimi, Wa Benchi la Nyuma."

Spika alikisoma hewani, sauti ikamkwama mpaka watu wakadhani umeme umekatika.

Tangu hapo wakawa wanajibizana, yeye na Wa Benchi la Nyuma, mbele ya chuo kizima, bila mtu kujua ni nani na nani. Benchi la nyuma liko nyuma ya nguzo. Kutoka kwenye kidirisha ndilo benchi pekee lisiloonekana. Kwa hiyo rafiki pekee aliyekuwa naye chuoni, Spika hakuwahi kumwona.

Na kwa nini asiseme tu kwamba ni yeye? Kwa sababu kuna Mlezi wa Matangazo. Huyu ni mwalimu wa hesabu, anavaa viatu vya mpira, humsikii mpaka yuko mgongoni kwako, na hajawahi kupiga hodi kwenye mlango wowote wa chuo hiki. Siku ya kwanza alimwambia Spika: "Msomaji hana maneno yake. Siku utakayotia neno lako, unatoka humu, na unakwenda moja kwa moja kwenye kamati ya nidhamu."

Basi turudi bwaloni, maana mtu amesimama na bado hajakaa.

Alikuwa Mheshimiwa. Mwenyekiti wa wanafunzi, kijana wa tai. Tai asubuhi, tai mchana, tai hata siku ya kufyeka nyasi.

"Ni wewe?" Mkuu aliuliza.

"Ni mimi, Mkuu. Sikutaka kusema. Lakini umeniita."

"Na kwa nini ulijificha muda wote huo?"

"Sipendi kelele, Mkuu."

"Nani? Huyu?" ilisikika sauti kutoka meza za katikati, watu wakaangua kicheko. Lakini kicheko kilikuwa cha upendo, na makofi yakafuata, na mlango wa jiko ukafunguka. Mpishi alitoka na aproni yake imelowa, akapita katikati ya meza, akamkumbatia Mheshimiwa hadi tai ikahamia begani.

"Mwanangu," alisema, "nimepika mpaka mvi zimenitoka. Wa kwanza kuniambia ahsante ni wewe."

Nyuma ya pazia, Spika alikaa chini taratibu.

Nje, Mkuu alikuwa anamalizia. "Kesho tunafunga muhula. Kwenye chakula cha kuagana, Wa Dirishani atakaa nasi meza kuu."

* * *

Mchana huohuo mlango wa chumba cha matangazo uligongwa.

"Hodi, dada Spika."

"Karibu," Spika aliiambia meza.

Mheshimiwa aliingia, akatafuta kiti, hakukiona, akageuza ndoo na kuikalia kwa heshima zote.

"Nataka kukwambia kitu, usinikatize. Ingawa wewe hukatizi mtu."

Spika alikunja kona ya karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Muhula mzima nimesimama pale mlangoni karibu na kisanduku. Unajua kwa nini? Kura za mwakani. Kila anayekuja kutia kikaratasi namshika mkono, namuuliza nyumbani hawajambo. Nikasema, Wa Dirishani akija nitamkamata, nimfanye rafiki. Mtu anayependwa hivyo ana kura nyingi. Nikangoja. Hakuja. Yeye haji, lakini salamu zake zinasomwa. Sasa niambie, dada yangu, salamu isiyopita kisandukuni inapitia wapi?"

Spika alitazama feni. Feni ilizunguka nusu, ikaghairi.

"Usitetemeke. Simwambii Mlezi."

"Kwa nini umesimama?" Spika aliuliza. Bila kipaza sauti, hiyo ilikuwa hotuba.

Mheshimiwa alirekebisha tai, kisha akaiacha.

"Kwetu mimi ni wa saba. Viatu vyangu vyote vilishavaliwa na watu. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi bila mimi kuyaomba. Jana usiku nikalala nawaza, kuna makofi yanazunguka chuoni humu na mwenyewe hayataki." Akamtazama. "Wewe uliyataka?"

"Hapana."

"Basi. Ulichobakiza kwenye sahani nimekula mimi. Sijakuibia."

"Mpishi alilia."

"Na alifurahi. Ukienda sasa ukamwambia si mimi, atakuuliza ni nani. Utamwambia nini? Kwamba ni msomaji alikuwa anajitungia? Utamnyang'anya hata hiyo ahsante moja?"

Hapo alimweza. Spika aliinamisha kichwa.

Mheshimiwa alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri kama kitambaa. "Kesho utasoma hii. Salamu ya mwisho ya Wa Dirishani. Nimehangaika nayo, usiiharakishe." Akasimama, akairudisha ndoo ilivyokuwa. Mlangoni akageuka. "Halafu yule mwenzako wa Benchi la Nyuma kajitokeza."

Spika aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Kamtuma mtu. Anaomba akae nami kesho, meza moja. Jina hakutaja. Kasema atavaa gauni la kijani."

"Usimdanganye."

"Mimi?" Mheshimiwa alicheka kidogo, wala si kwa ubaya. "Dada, kati yangu na wewe, ni nani aliyemdanganya muhula mzima?"

Akafunga mlango taratibu, kama mtu mwenye adabu.

* * *

Bwenini, korido ilikuwa imejaa masanduku. Wasichana walikuwa wanaandikiana namba kwenye viganja, wanaahidiana kupigiana simu, wanagombania nani kamchukulia nani sabuni. Spika alipita katikati yao bila kumgusa mtu. Alijua kupita hivyo. Alikuwa na mazoezi.

Chumbani alijilaza, uso ukutani.

Gauni la kijani. Alikuwa akihesabu kichwani wasichana wote aliowahi kuwaona wamevaa kijani, na kila mmoja alikuwa na marafiki mpaka wa kugawa. Yupi kati yao angekaa nyuma ya nguzo?

"Hodi," ilisema sauti ndogo mlangoni.

Spika hakuitikia. Hakuwa na haja. Alikuwa mwenzake wa chumba.

Huyo naye ana kituko chake. Hupiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Kila siku, akitoka darasani, akitoka kuoga, hata akitoka kuanika nguo. Anasema hodi, anangoja kidogo, ndipo anaingia kwa ubavu. Bweni zima wanamwita Hodi na wanaigiza anavyoingia. Vitanda vyao viwili vimetenganishwa na stuli moja yenye taa, na tangu muhula uanze maneno yao yote yalikuwa ya taa, ya maji na ya funguo. Usiku mwema hawakuwahi kuambiana. Kila mmoja alidhani mwenzake hapendi.

Hodi aliingia, akapapasa nyuma ya mlango atafute msumari, akatundika nguo.

Spika aligeuka.

Lilikuwa gauni. La kijani.

Moyo wake ulipiga teke moja, halafu ukatulia kabisa, kama unaosikiliza.

"Samahani," Hodi alisema. "Sijui nikuombe? Zipu iko mgongoni. Nataka nilijaribu kabla ya kesho, nisije nikaaibika."

Spika aliamka. Hodi alivaa, akampa mgongo. Zipu ilipanda vizuri, ikafika katikati, ikagoma.

"Inakwamaga hapo," Hodi alisema. "Vuta tu kwa nguvu."

"Usiivute. Ishushe kidogo kwanza. Ubane kitambaa hapa kando. Sasa ipandishe polepole."

Ikapanda.

"Una mkono mwepesi wewe."

"Unakwenda wapi nalo?" Spika aliuliza. Alijua. Alitamani tu awe amekosea.

Hodi alijiangalia kwenye kioo cha kabati, kile kilichopasuka kona. "Unamjua Wa Benchi la Nyuma? Si unamjua, unamsoma wewe."

"Ndiyo."

"Ni mimi. Usicheke."

"Sicheki."

"Nilikuwa naogopa utanijua kwa mwandiko."

"Ulikuwa unaandika herufi kubwa."

"Kwa aibu." Hodi alikaa kitandani mwake, gauni likiwa limemfika magotini, mikono haijui ikae wapi. "Wewe huwezi kuelewa. Wewe unaongea na watu wote. Mimi ikifika saa ya salamu nilikuwa nashika kijiko hivi, sili. Nangoja Wa Dirishani aseme neno. Nikishasikia, naweza kuishi mpaka kesho yake."

Msomaji wangu, hapo ndipo pa kusema. Wewe ungesema, mimi ningesema. Spika alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, mazuri kabisa. Lakini haya yalikuwa maneno ya kwenye kipaza sauti, na mbele yake hapakuwa na kipaza sauti. Palikuwa na macho ya mtu.

Yakatoka mengine kabisa. "Kwa nini unapiga hodi kwenye chumba chako?"

Hodi alitabasamu kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. "Nimekulia kwa watu. Kwa shangazi, akaja akaolewa mbali. Kwa mjomba. Halafu kwa rafiki yake mjomba. Ukilala sebuleni kwa watu unajifunza kupiga hodi hata ukifuata shuka lako mwenyewe. Ikanikaa. Na hapa..."

"Hapa nini?"

"Hapa hakuna aliyewahi kuniitikia karibu. Basi kila siku nikawa sijui kama nimeshafika."

Korido ilikuwa na makelele ya kuagana. Chumbani taa tu ndiyo iliyokuwa ikiunguruma.

"Halafu nimeomba kuhamishwa," Hodi aliongeza, anakwepa kumtazama. "Muhula ujao. Si kwa ubaya, usinielewe vibaya. Niliona nakubana. Mtu wa kuongea kama wewe anataka mwenzake wa kuongea."

"Yule Mheshimiwa..." Spika alianza.

"Najua. Watu wanamcheka na tai yake. Lakini ndani ni mtu mwingine. Mtu anayeona shati la mwenzake hivyo hawezi kuwa mbaya."

"Inawezekana si..."

"Tafadhali." Hodi aliinua mkono, kiganja wazi. "Leo usinitie shaka. Niache kesho niongee naye, basi. Nina mambo nimemwekea tangu muhula unaanza. Nikishamwambia, hata ukinicheka ni sawa."

Spika akamwashiria ageuke. Alimshushia zipu, akalitundika gauni kwenye msumari, akarudi kitandani kwake na uso wake ukutani. Mkono ungenyooshwa tu, ungefika kitanda cha pili.

Haukunyooshwa.

* * *

Siku ya kufunga, bwalo lilipambwa kwa karatasi za rangi na meza kuu ikatandikwa shuka jeupe ambalo kila mtu alijua ni la zahanati. Spika alivuta pazia upana wa jicho moja.

Mkuu, katikati. Mlezi wa Matangazo, ukingoni, na viatu vyake vya mpira. Mheshimiwa, tai mpya. Na kando ya Mheshimiwa, mgongo wa gauni la kijani.

Hodi alikuwa ameinama mbele, anaongea. Anaongea kweli, mikono na yote. Mheshimiwa alikuwa anaitikia kwa kichwa na macho yake yanazunguka meza za wanafunzi, anapungia huyu, anakonyeza yule. Hodi akamaliza jambo, akangoja. Mheshimiwa akamgeukia, akasema neno moja, akapungia tena watu.

Spika alimwona Hodi akiupeleka mkono nyuma. Zipu ilikuwa imeteleza. Alikuwa akiivuta kwa siri, kwa nguvu, nayo imegoma palepale katikati.

Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka. Muda wake ulikuwa umefika.

"Habari za mchana. Haya ni matangazo ya mwisho wa muhula." Sauti yake ilitoka nzuri, kama ya siku zote, kama ya mtu mwenye marafiki. "Maktaba inawaomba wote wenye vitabu kuvirudisha leo, pamoja na kurasa zake. Magodoro yasiburutwe koridoni. Aliyeazima ngazi ya fundi airudishe haraka, fundi yuko juu ya paa. Mechi ya walimu na wapishi imeahirishwa, walimu bado wanatafuta golikipa. Kumeokotwa kiatu kimoja cha kushoto karibu na maabara. Mwenyewe anatafutwa."

Watu walicheka, wakapiga meza. Kisha wakaacha wenyewe. Walikuwa wanajua kinachofuata.

"Na sasa, salamu." Alikunjua karatasi ya Mheshimiwa. "Kutoka kwa Wa Dirishani."

Makofi. Mheshimiwa alinyanyuka nusu, akakaa.

"'Ndugu wanachuo. Muhula huu niliamua kuwatazama wale ambao hakuna anayewatazama. Nyie wanyonge. Nyie mnaokula peke yenu, msio na mtu wa kuwasalimu.'"

Makofi yakapungua.

"'Niliona mnahitaji huruma, nami nikawapa. Kijana wa shati la bluu...'"

Kijana wa shati la bluu alikuwa amelivaa leo. Alikuwa ameinua kichwa anatabasamu. Spika alimwona anavyolishusha lile tabasamu, na macho yakashuka nalo, mpaka kwenye simu.

"'Mzee wetu wa jikoni, uliyekaa miaka yote bila mtu kukuthamini...'"

Mpishi, kwenye mlango wa jiko, alijifuta mikono kwenye aproni. Ilikuwa mikavu. Akaendelea kuifuta.

Na yote hayo yalikuwa yakitoka kwa sauti ya Spika. Sauti ileile iliyowainua. Kila neno lilikuwa likipita kooni mwake kwanza, kabla halijawafikia.

Alitazama mstari uliofuata. Ulimhusu Wa Benchi la Nyuma. Ulisema: "Nawe uliyenijibu kwa upweke wako, leo nimekupa nafasi ya kukaa nami."

Mgongo wa kijani ulikuwa umetulia tuli. Mkono ulikuwa bado nyuma, kwenye zipu.

Spika aliacha kusoma.

Mwanzoni watu walidhani ni umeme. Kisha wakaisikia pumzi yake kwenye spika zote nne za bwalo, na meza moja baada ya nyingine ikageuza shingo kuutazama ukuta, kana kwamba ukuta umewaita.

Mlezi wa Matangazo aliweka kijiko chini.

"Hapa pana makosa," Spika alisema. Alifumba macho. Akiwa amefumba, palikuwa hapana mtu. "Wa Dirishani hakumwonea huruma mtu yeyote. Alikuwa anakula peke yake na yeye. Shati la bluu lilikuwa zuri, ndiyo maana alisema zuri. Mzee mpishi, ile ahsante ilikuwa ya kweli. Ni ya kwako, hakuna wa kukunyang'anya."

Kiti kilikwaruza sakafu huko nje. Hakufumbua macho. Angefumbua, maneno yangeisha.

"Na kuna salamu moja bado. Inatoka kwa Wa Dirishani, inakwenda kwa Wa Benchi la Nyuma." Akaisukuma kando karatasi ya Mheshimiwa. "Zipu ikikwama usiivute. Ishushe kidogo kwanza. Bana kitambaa kando, halafu ipandishe polepole."

Kuna mtu alicheka, akanyamazishwa. Chuo kizima kilikuwa kinatazamana. Zipu? Zipu gani?

"Na ukija," Spika alimaliza, na hapo sauti yake haikuwa tena ile ya matangazo, ilikuwa ile ndogo ya chumbani, "usipige hodi. Ni kwako. Karibu. Nilipaswa kusema tangu siku ya kwanza."

Akazima. Taa nyekundu ikafa.

Alikaa gizani mwa macho yake, mikono mapajani. Jikoni sufuria moja ilianguka na hakuna aliyeiokota. Bwaloni palilipuka kelele za watu mia wanaouliza swali moja.

Mwishowe alifumbua, akasogeza pazia.

Mkuu alikuwa amesimama. Mheshimiwa alikuwa amekaa, peke yake, tai mkononi, anaitazama kama kitu cha mtu mwingine. Mpishi alikuwa ameweka kiganja mdomoni, anakitazama kidirisha, na polepole kichwa chake kikaanza kuitikia.

Kiti cha Mlezi wa Matangazo kilikuwa kitupu.

Na kiti cha gauni la kijani kilikuwa kitupu.

Kutoka bwaloni hadi chumba cha matangazo kuna korido moja tu, inayopita ubavuni mwa jiko. Spika aligeuka, akautazama mlango. Akatega sikio.

Hakuna hatua zilizosikika. Lakini Mlezi huvaa viatu vya mpira. Na Hodi hutembea kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba ya wenyewe.

Kivuli kilisimama chini ya mlango.

Spika alingoja ile sauti ndogo aliyoisikia kila siku kwa muhula mzima bila kuiitikia. Aliingoja na jibu lake tayari mdomoni. Sauti haikuja. Akakumbuka kwamba ni yeye mwenyewe aliyeikataza, dakika hii tu, mbele ya chuo kizima, na kwamba katika chuo hiki palikuwa na mtu mwingine mmoja tu asiyepiga hodi.

Kitasa kikazunguka.